Kipimo Kinasema Aleji, Mtoto Anakula Karanga Kila Wiki: Majibu ya Barua Zenu

Tangu tuandike kuhusu pumu ya ngozi (ekzema), barua nyingi zilizotufikia zimekuwa za karanga. Haishangazi. Arusha na Moshi karanga iko kwenye kisamvu, kwenye uji wa lishe, kwenye kashata za dukani na kwenye vifuko vya wauzaji wa stendi. Tumechagua barua saba. Zimejibiwa na daktari wa watoto pamoja na mtaalamu wa lishe.

Habari za kazi. Mwanangu ana miaka minne. Ana pumu ya ngozi tangu akiwa mchanga, na mafua ya kila asubuhi. Tulimpima damu kwenye maabara binafsi wakatupa orodha ndefu ya vyakula. Karanga imeandikwa 2.1, chanya, na tukaambiwa asile tena maisha yake yote. Lakini anakula mchicha wa karanga na kisamvu tangu ana mwaka mmoja na hajawahi kudhurika. Nimwachishe?
*Mama wa watoto wawili, Sakina, Arusha*

Usimwachishe, mama. Mtoto anayekula karanga mara kwa mara, kwa kiasi cha kueleweka, na hapati chochote ndani ya saa mbili baada ya kula, hana aleji ya karanga. Sahani aliyokula inaeleza ukweli kuliko karatasi ya maabara.

Kipimo hicho kinatafuta IgE, kingamwili ambayo mwili hutengeneza dhidi ya kitu ulichokitilia shaka. Ikiwepo, maana yake kinga ya mwili imeshaiwekea karanga alama. Haina maana kwamba mtoto akila atadhurika. Watoto wenye pumu ya ngozi, pumu ya kifua au mafua ya aleji huwa na IgE nyingi za kila aina, kwa hiyo ukiwapima vyakula ishirini, mara nyingi vitatoka chanya kadhaa ambavyo wanakula kila siku bila shida. Utafiti uliofanyika Cape Town kwa watoto 100 wenye pumu ya ngozi na kuchapishwa 2014 ulikuta watoto 66 wana kipimo chanya cha chakula angalau kimoja, lakini wenye aleji ya kweli walikuwa 40. Manchester, Uingereza, mwaka 2010, watafiti waliwachunguza watoto wa miaka minane ambao vipimo vyao vya karanga vilikuwa chanya. Waliokuwa na aleji kweli hawakufika hata robo.

Kwetu Afrika kuna jambo jingine ambalo maabara nyingi hazilitaji. Baadhi ya protini za karanga zimebeba sukari fulani juu yake, na sukari za namna hiyo hiyo ziko kwenye mayai ya minyoo ya kichocho na kwenye chavua za nyasi. Mtoto aliyewahi kuugua kichocho anaweza kuwa na IgE inayoshika sukari hizo, kisha kipimo cha damu kikasoma kwamba ni ya karanga. Utafiti wa watoto wa shule nchini Ghana, uliochapishwa 2013, ulionyesha hivyo: IgE ya karanga ilikuwa nyingi kwa wenye kichocho cha mkojo, wakati aleji yenyewe ilikuwa haionekani. Mzazi ambaye mtoto wake hucheza kwenye mifereji ya mpunga asome matokeo ya aina hii akijua hilo.

Sasa hiyo namba 2.1. Maabara huita chanya chochote kuanzia 0.35. Huko Ulaya na Marekani, madaktari huwa na uhakika mkubwa wa aleji ya kweli namba inapofika karibu 15 kwa mtoto ambaye tayari ana historia ya kudhurika. Kati ya 0.35 na 15 ni eneo la mashaka, na kinachoamua hapo ni historia ya ulaji. Kipo kipimo cha ndani zaidi kinachotafuta IgE ya protini moja ya karanga iitwayo Ara h 2. Hicho kinatenganisha vizuri zaidi, na kama damu itapelekwa maabara kubwa mnaweza kukiomba. Kwa mtoto wako hatuoni haja ya kulipia.

Kuna hatari ya kumwachisha ambayo wazazi wengi hawaambiwi. Mtoto mwenye alama ya IgE akiendelea kula, mwili unaendelea kuizoea karanga. Ukimkatia miezi mingi, mazoea hayo yanaweza kupotea huku alama ikibaki, na siku atakapopewa kashata kwenye sherehe ndipo adhurike kwa mara ya kwanza. Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu orodha hizi za vyakula ishirini zinauzwa kwa wazazi wenye hofu, na watoto wanabaki na ugali na mboga za majani huku wakikonda.

Hakikisha jambo moja tu: je, anachokula kinatosha kuwa ushahidi? Kulamba mwiko hakutoshi. Tunataka mlo mmoja wenye karanga zilizosagwa angalau vijiko viwili vya chai, yaani punje kama kumi kabla ya kusagwa, na awe amekula hivyo mara kadhaa. Kama ndivyo, endelea, na nguvu yako iende kwenye ngozi yake. Mpake mafuta mazito ya mgando mara mbili kwa siku, mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Dawa ya steroidi aliyoandikiwa na daktari uitumie kwenye madoa tu na kwa siku zilizoandikwa. Kama ngozi haitulii, hospitali ya KCMC mjini Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa 1992, na wagonjwa wa pumu ya ngozi wanaonwa hapo.

Mtoto wangu wa miaka miwili, kilo 12, alipewa kipande cha kashata na jirani. Dakika kumi baadaye midomo ilivimba, akatokwa na mabaka mwilini na kutapika mara mbili. Tulimpa Piriton akalala, akaamka mzima. Je, niendelee kuweka Piriton ndani kwa tahadhari?
*Baba, Pasua, Moshi*

Pole sana, ndugu yetu. Barua yako ni tofauti kabisa na iliyotangulia. Mwanao amekula karanga, akadhurika ndani ya dakika kumi, na dalili zimegusa ngozi na tumbo kwa pamoja. Dalili za ghafla zinapogusa sehemu mbili za mwili au zaidi baada ya kula, hiyo ni anafilaksia, yaani aleji ya kuhatarisha maisha, hata kama safari hii alipona mwenyewe. Alipona kwa sababu mwili wake ulitulia. Piriton haikufanya kazi hiyo. Dawa za jamii ya Piriton na setirizini huchukua nusu saa au zaidi kuanza kufanya kazi, hupunguza mwasho na mabaka, na hazifungui njia ya hewa wala kupandisha presha iliyoshuka. Ubaya mwingine wa Piriton ni kumlaza mtoto, ukashindwa kujua kama amelala au anapoteza fahamu.

Dawa ya anafilaksia ni adrenalini, na inachomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati ya nyonga na goti. Haichomwi kwenye tako wala chini ya ngozi, kwa sababu kutoka huko inachelewa kuingia kwenye damu. Adrenalini ya kichupa iliyoko kwenye vituo vyetu ina miligramu 1 ndani ya mililita 1. Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya mtoto, isizidi miligramu 0.3. Kwa mwanao wa kilo 12 ni mililita 0.12, kwa mtoto wa kilo 20 ni 0.2, na kuanzia kilo 30 ni 0.3. Kiasi hicho ni kidogo mno. Ndiyo maana lazima litumike bomba dogo la sindano la mililita 1 lenye mistari ya mia, maana kwenye bomba la mililita 5 huwezi kukiona. Asipopata nafuu, inarudiwa baada ya dakika 5 hadi 15.

Kalamu za adrenalini zinazojichoma zenyewe si rahisi kuzipata kwetu na bei yake ni kubwa. Muulize daktari wa watoto kama anaweza kukuandikia vichupa viwili na mabomba ya mililita 1, na akufundishe kuvuta na kuchoma mbele yake mpaka mkono uzoee. Vichupa vikae kwenye boksi lake kizani, mbali na jiko, visiwekwe kwenye friji. Tazama tarehe ya kuisha muda, na dawa ikigeuka rangi ya kahawia au kuwa na chembe, itupwe. Mpaka siku utakapopewa dawa hiyo, tafuta kituo cha afya kilicho karibu zaidi chenye adrenalini saa zote, usiku pia. Nenda ukaulize sasa, ana kwa ana. Usisubiri siku ya tukio.

Akidhurika tena, mlaze chali na kuinua miguu yake. Kama anapumua kwa shida, mwache akae akiegemea. Kama anatapika au amelegea, mlaze ubavu. Asisimame wala kutembea, hata kwenda kwenye gari, abebwe akiwa amelala. Presha ikiwa imeshuka, kusimama ghafla kunaunyima moyo damu, na kuna watoto wamepoteza maisha wakati huo. Kwa sababu hiyohiyo bodaboda iwe chaguo la mwisho. Bora bajaji au gari la jirani, mtoto akiwa amelazwa mapajani. Usimpe maziwa, usimpe mkaa, usimtapishe kwa kidole.

Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu wa mabaka hauonekani vizuri, kwa hiyo pitisha kiganja mgongoni na tumboni utafute vivimbe, kisha tazama midomo, kope kwa ndani na viganja. Sauti kukauka ghafla, kikohozi kinachofanana na kubweka, kukoroma anapovuta pumzi, kifua kulia, ulegevu usio wa kawaida: kimoja tu cha hivi baada ya kula karanga kinatosha kuchoma adrenalini na kwenda hospitali. Hata akipona njiani, akae chini ya uangalizi angalau saa sita, maana dalili zinaweza kurudi bila kula kitu kingine. Na kama ana pumu ya kifua, itibiwe vizuri kila siku. Watoto wenye aleji ya chakula na pumu isiyodhibitiwa ndio walio kwenye hatari kubwa zaidi.

Kwa sasa asile karanga kwa namna yoyote mpaka aonwe na daktari wa watoto. Korosho na njugu nyingine ambazo hajawahi kula nazo zisubiri ushauri huo. Maharage, kunde na mbaazi anazokula bila shida aendelee nazo. Hizo ni za jamii moja na karanga na vipimo vyake hutoka chanya mara nyingi, lakini watoto wachache sana wa aleji ya karanga hudhurika nazo wanapozila.

Wanangu, nasikia watoto wa mjini wana ugonjwa wa karanga. Mjukuu wangu akija likizo mama yake anamkataza karanga. Nikizichemsha, si zitakuwa salama?
*Bibi, Marangu*

Shikamoo bibi. Kuchemsha kunapunguza makali kwa sababu sehemu ya protini hutoka na kubaki kwenye maji, na kukaanga kunaongeza. Lakini haziwi salama. Mwenye aleji ya kweli anaweza kudhurika vibaya na karanga za kuchemsha, au hata na maji yake. Tunakuomba usimjaribu. Kwa likizo hiyo tenga sufuria, mwiko na kinu ambavyo havijatwanga karanga. Mwiko wa mbao na kinu vina nyufa zinazoshika mafuta, na kusuuza hakuyaondoi. Mkaangie ndizi, mpe parachichi.

Nina mtoto wa miezi mitano mwenye pumu ya ngozi kali. Kaka yake ana aleji ya karanga iliyothibitishwa hospitali. Shangazi zake wanasema mdogo asiguse karanga mpaka afike miaka mitatu, na mimi ninayenyonyesha pia niache. Ni sawa?
*Mama, Njiro, Arusha*

Ushauri wa shangazi ulikuwa ukitolewa hata na madaktari wa Uingereza na Marekani miaka ya nyuma, kwa hiyo hawakuutoa hewani. Ila umeshageuzwa. Mwaka 2008 watafiti walilinganisha watoto wa Kiyahudi wa London na wa Israeli. Wa Israeli, waliolishwa vyakula vya karanga tangu wachanga, walikuwa na aleji ya karanga mara kumi pungufu. Kisha mwaka 2015 yakatoka matokeo ya jaribio la London lililohusisha watoto 640 wa miezi 4 hadi 11 wenye pumu ya ngozi kali au aleji ya yai. Nusu walikatazwa karanga, nusu walilishwa mpaka miaka mitano. Waliokatazwa, asilimia 17 walipata aleji ya karanga. Waliolishwa, asilimia 3. Hata waliokuwa tayari na uvimbe mdogo, wa milimita 1 hadi 4, kwenye kipimo cha ngozi (ngozi hudungwa kidogo kupitia tone lenye karanga, kisha uvimbe unapimwa) walifaidika kwa kula. Waliokuwa na uvimbe mkubwa zaidi ya huo hawakuingizwa kwenye jaribio, kwa usalama wao.

Kwa nini kula kunakinga? Karanga inayopita tumboni mapema huufundisha mwili kwamba hiki ni chakula. Inayoingia kwanza kupitia ngozi iliyochanika kwa pumu ya ngozi huufundisha kwamba huyu ni adui. Nyumba ambayo watu wazima wanamenya karanga wakati mtoto amekatazwa kula inamwacha na njia ya pili peke yake. Kwa hiyo ukimaliza kumenya au kutwanga, nawa kwa sabuni kabla ya kumpaka mtoto mafuta, na usimkande kwa mafuta ya karanga.

Wewe endelea kunyonyesha na kula kama kawaida. Mama kuacha karanga hakumkingi mtoto.

Kwa mdogo, pumu ya ngozi ikiwa kali hivyo, aonwe na daktari wa watoto kabla ya kuonja, ikiwezekana apimwe ngozi. Kama kipimo ni hasi au uvimbe ni mdogo, daktari ataelekeza kama onjo la kwanza lifanyike nyumbani au hospitali. Utaratibu wa nyumbani, akishatimiza miezi sita na kuanza uji, uko hivi. Chagua siku mtoto hana homa wala mafua, asubuhi, ukiwa na mtu mzima mwingine. Chukua siagi ya karanga laini isiyo na vipande, au karanga ulizokaanga mwenyewe na kusaga mpaka zikawa rojo. Koroga vijiko viwili vya chai ndani ya uji wa moto, acha upoe. Mpe ncha ya kijiko, subiri dakika kumi ukitazama uso na tumbo lake. Kukiwa shwari, mpe uji uliobaki polepole, na umwangalie kwa saa mbili. Uwekundu kidogo kuzunguka mdomo pale uji ulipogusa ni kawaida kwa ngozi ya namna hii. Mabaka sehemu nyingine ya mwili, kuvimba au kutapika mfululizo si kawaida: acha hapo na mpeleke hospitali.

Akifaulu, kazi ndiyo inaanza. Vijiko hivyo viwili vya chai vina gramu 2 hivi za protini ya karanga, na watoto wa lile jaribio walikula gramu 6 kwa wiki, katika milo mitatu au zaidi. Kuonjesha mara moja halafu ukasahau miezi mitatu kunaweza kuleta madhara badala ya kinga. Na punje nzima za karanga asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, mwenye aleji au asiye nayo, kwa sababu huziba njia ya hewa.

Kaka yake abaki mbali na uji huo. Bakuli la mdogo lioshwe peke yake, na wewe unawe kwa sabuni kabla ya kumhudumia mkubwa.

Ninasaga na kuuza unga wa lishe. Wateja wawili wameniomba usio na karanga. Je, inatosha nisiweke karanga kwenye mchanganyiko wao?
*Mjasiriamali, Kiboriloni, Moshi*

Haitoshi, na tunakushukuru kwa kuuliza kabla ya kuuza. Tatizo ni mashine. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na mafuta hayo hunata kwenye nyundo za mashine, kwenye chekeche na kwenye mfuko wa kitambaa unaopokea unga. Kupitisha kilo mbili tatu za mahindi kwanza kunapunguza tu, na unga wa mwanzo ndio unaobeba mabaki mengi. Kwa mteja mwenye mtoto wa aleji, saga kwenye mashine isiyopitisha karanga kabisa, kwa mfano ile inayosaga sembe peke yake, na uwe na mfuko wa kupokelea na ndoo zisizoingia kwenye kazi ya kawaida. Kama mashine uliyonayo ni moja tu, mwambie mteja ukweli kwamba huwezi.

Mchanganyiko wenyewe ni rahisi: kilo 3 za mahindi au ulezi kwa kilo 1 ya soya au kunde. Soya ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, kwa sababu soya mbichi huzuia mwili kumeng'enya protini. Ukitoa karanga umetoa mafuta, na uji unapungua nguvu, hivyo mwelekeze mama aongeze kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti kwenye kila bakuli. Ufuta usiutumie kama mbadala bila kumuuliza mteja, nao ni chanzo cha aleji kwa baadhi ya watoto hawa hawa.

Kwenye unga wako wa kawaida, andika "INA KARANGA" kwa herufi zinazosomeka. Usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu 2019, na viwango vya kimataifa vya Codex vinaitaja karanga kati ya vyakula ambavyo lazima vitajwe kwenye lebo. Neno "lishe" peke yake halimwambii mama kilichomo ndani.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali. Tumepokea mtoto mwenye aleji ya karanga. Tupige marufuku karanga shule nzima? Na je, harufu inaweza kumdhuru?
*Mwalimu, Usa River*

Mwalimu, harufu ya karanga haibebi protini ya kutosha kumdhuru. Vumbi ni jambo jingine: kumenya, kupepeta au kusaga karanga ndani ya chumba kilichofungwa kunaweza kumletea dalili, hivyo maganda na punje za karanga zisitumike kuhesabia wala kubandika picha. Tumia vizibo vya soda au vijiti.

Marufuku peke yake huwapa walimu matumaini ya uongo. Kinacholinda zaidi ni watoto kutogawana chakula, mtoto huyu kuwa na kikombe na kijiko chake chenye alama, na uji wake kupikwa kwenye sufuria ya peke yake kwa unga ulioletwa na wazazi. Baada ya chai ya saa nne, watoto wote wanawe kwa maji ya bomba na sabuni. Dawa ya kutakasa mikono inaua vijidudu lakini protini ya karanga inabaki palepale kwenye vidole. Mama wa nje ya geti anayeuza kashata na karanga mwelezeni, na mwonyesheni mtoto mwenyewe.

Waombeni wazazi karatasi yenye picha ya mtoto, uzito, dalili, kipimo cha adrenalini kilichoandikwa na daktari na namba za simu. Walimu wawili wafundishwe kuchoma, ili mmoja akiwa hayupo mwingine awepo. Dawa isifungiwe kwenye ofisi ambayo ufunguo uko kwa mtu mmoja.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Nina mtoto mwenye utapiamlo mkali na pumu ya ngozi. Anatakiwa kuanza chakula dawa, nami najua kina karanga. Nifanyeje?
*Mhudumu, Mabogini, Moshi*

Chakula dawa cha kawaida, kile cha pakiti ya gramu 92 chenye kilokalori 500, kimetengenezwa kwa rojo la karanga, maziwa ya unga, sukari na mafuta. Pumu ya ngozi peke yake si sababu ya kumnyima. Utapiamlo mkali unaua, na unaua haraka.

Kabla ya kipimo cha hamu ya kula, ambapo mtoto hupewa chakula dawa kidogo kuona kama atakila, muulize mama maswali mawili: ameshawahi kula karanga, ikiwemo kwenye uji wa lishe au mboga? Na baada ya kula, ndani ya saa mbili, alipata mabaka, kuvimba, kutapika au kupumua kwa shida? Kama alishakula na hakupata kitu, anza kama kawaida. Kama hajawahi kula, au mama hana uhakika, onjo la kwanza lifanyike kituoni, karibu na adrenalini, kwa ncha ya kijiko na kusubiri dakika kumi kabla ya kuendelea. Kama mama anaeleza dalili za ghafla zilizofuata karanga, usimwonjeshe: mpe rufaa ya wodi ya watoto, ambako anaweza kutibiwa kwa maziwa ya F-75 na baadaye F-100, yasiyo na karanga. Jibu la mama liandike kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, juu kabisa, kwa sababu wiki ijayo anaweza kupokelewa na mhudumu mwingine.